Fuata Mchanga: Hotuba kuhusu Kunoa Wazo la Biashara Lililoanzia kwenye Kero ya Nyumbani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, kina mama na kina baba mliotoka Kayenze na Igombe mkaziacha kazi zenu za asubuhi ili muwe nasi hapa Nyegezi, jijini Mwanza, na ninyi vijana wenzangu mnaotafuta pa kuanzia: wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuichukua kero ya kila siku na kuitengeneza hadi iwe wazo la biashara linaloweza kusimama. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu jambo hili limenigharimu muda na akiba, na kwa sababu nimewaona vijana wengi wa jiji hili, wenye akili kunizidi, wakiyazika mawazo mazuri kwa kuwa waliishia pale pale kero ilipowauma wao, bila kufuatilia ilikotoka wala inakokwenda.

Hapa mezani mbele yangu nimeweka mabakuli mawili ya dagaa. Wote wamevuliwa katika ziwa letu la Victoria, wiki moja, mwalo mmoja, yaani ufukwe mmoja wa kushushia samaki. Naomba tuyaache kwanza hapo yalipo, tutayarudia.

Kero yangu ilianzia mdomoni. Jumapili moja jioni, nyumbani kwetu Mabatini, mwanangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, aliacha kutafuna ghafla, akatoa ulimi, akajaribu kuondoa kitu kwa kidole, kisha akaisukuma sahani mbali naye na hakuigusa tena. Mama yake alikuwa amewaosha dagaa wale mara tatu, nami nilikuwa nimesimama pale nikimmiminia maji. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu mazito, ya pili yakapungua rangi, na ya tatu tuliyaona ni safi tukaridhika. Lakini beseni lilipomwagwa, nilipitisha ncha za vidole chini yake nikausikia mchanga ukikwaruza, mwembamba, unaong'aa, ule ule wa ufukweni. Ninyi mnaokaa milimani, mnaopandisha maji kwa ndoo katikati ya mawe siku ambazo bomba halitoki, mnajua uchungu wa kutumia ndoo nzima kuosha kisado kimoja cha dagaa na bado mtoto akatafuna mchanga.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimeshaliona jibu: programu ya simu ambayo mkazi wa Mwanza angeagizia dagaa safi, waliochambuliwa na kutolewa vichwa, na bodaboda angemfikishia mlangoni. Kufikia asubuhi nilikuwa na jina la kampuni, rangi ya nembo, na hesabu iliyochukua kaya zote za Ilemela na Nyamagana, ikazizidisha kwa visado viwili kwa mwezi, ikanipa jumla ambayo iliujaza moyo wangu furaha. Nawasihi muiogope hesabu ya aina hiyo, inayoanza na watu wote wa mji na kumalizia mfukoni mwako, kwa sababu hakuna mahali popote katikati yake ambapo mtu hata mmoja anafungua pochi.

Hata hivyo sikukimbilia kujenga kabla ya kuuliza. Niliwauliza majirani, wafanyakazi wenzangu, kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani, na watu niliokutana nao kwenye daladala, jumla yao wapata ishirini. Swali langu lilikuwa hili: je, ukiletewa dagaa safi wasio na mchanga hadi nyumbani, utanunua? Wote walisema ndiyo, na wengine wakanibariki. Kwa nguvu ya ndiyo hizo nilimwendea rafiki yangu anayejua kuandika programu, tukaunganisha akiba zetu, tukajenga. Baada ya miezi mitatu, tulipopitia orodha ya walioagiza, karibu wote walikuwa ndugu na marafiki, na wengi wao waliagiza mara moja tu.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu nadhani ndipo mawazo mengi yanapopotea. Watu wale ishirini hawakunidanganya. Sisi tumelelewa tusimvunje mtu moyo mbele ya uso wake. Kijana akija kwako na macho yanayong'aa, akakuuliza kama kitu anachotaka kukifanya ni kizuri, utu wako unakutuma umwambie ni kizuri. Swali langu lilikuwa linaomba heshima, nami nikapewa heshima, nikaenda kuiandika kwenye daftari kana kwamba ni oda. Mtu hawezi kukupa habari za kweli kuhusu kesho yake, kwa sababu hata yeye hajaifikia, ila anaweza kukupa habari za kweli kabisa kuhusu jana yake. Ukitaka kulijua wazo lako, uliza yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho uliponunua dagaa ulinunua kwa nani, ulilipa shilingi ngapi, ulitumia ndoo ngapi za maji, uliwaosha wewe au nani, na ulipoukuta mchanga ulifanya nini. Kisha nyamaza, usilitaje wazo lako kabisa, sikiliza.

Nilianza upya kwa maswali hayo, safari hii katika soko la Mirongo, Buzuruga, na kwa mama lishe wa karibu na stendi ya hapa Nyegezi. Majibu yalikuwa tofauti kabisa na yale ya mwanzo. Mama lishe mmoja aliniambia kwamba mchanga anaujua, lakini ana binti anayemsaidia kuosha tangu alfajiri, na kinachomnyima raha ni kisado kupanda bei na dagaa wa masika wanaokatika na kunuka. Jirani yangu mwenyewe, ambaye awali alinibariki, alinieleza kwamba kwa miaka mingi ananunua kwa mwanamke mmoja anayempimia kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, na kwamba mwanamke huyo aliwahi kumkopesha hata alipofiwa. Nikauelewa ugumu wangu. Programu yangu ilikuwa inashindana na uhusiano wa miaka, tena wenye mkopo ndani yake, na mimi sikuwa na chochote cha kuweka kwenye mizani ile kikauzidi uzito.

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii huwa tunaitumia kumwonya mtu asiwasemee wengine mateso yao. Nami naigeuza kidogo kwa ajili yenu: ukishakijua kitanda chako na kunguni wake, bado hujakijua cha jirani. Kero yako ni ushahidi wa mtu mmoja. Ni ushahidi mzuri, kwa maana una maelezo ya karibu ambayo mgeni hawezi kuwa nayo, lakini haukwambii kama jirani anaumwa pale pale unapoumwa wewe, wala kama maumivu yake yanafikia kiasi cha kutoa fedha.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Igoma anayesaga unga wa lishe. Nilikwenda kwake nikiwa nimekata tamaa, nikitafuta tu wa kununua mzigo uliobaki stoo. Anachanganya mahindi, soya, karanga na dagaa, na wateja wake ni wazazi wenye watoto wadogo pamoja na shule mbili za awali. Alichota konzi ya dagaa wangu, akawasugua katikati ya viganja, akaviangalia viganja vyake kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaniuliza kama nina magunia mengine. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha daftari lake. Kila mara anaponunua dagaa, huwalipa wanawake wawili kuwaosha, hununua maji, huwaanika upya siku nzima, na siku ikiwa na mawingu sehemu ya mzigo huota ukungu na kutupwa. Yote yale aliyaandika kwa mkono wake, tarehe kwa tarehe. Ninyi na mimi tunaweza kuosha dagaa kabla ya kupika na mchanga ukapungua. Yeye akishasaga, mchanga umekuwa unga; hakuna beseni litakaloutenga, uji unakwaruza ulimi wa mtoto, na mzazi anaurudisha mfuko. Isitoshe, mchanga huo unakula chekecheke na nyundo za mashine.

Ndugu zangu, daftari lile ndilo lililokuwa soko langu. Yule mama hakuniambia kwamba atanunua, wala hakunisifu. Alikuwa ameshaanza kuilipia kero ile kabla hajanijua, kwa fedha, kwa maji na kwa siku za jua. Tangu siku hiyo, kijana akiniletea wazo lake, humuuliza swali moja kabla ya mengine yote: nani hivi leo anatumia fedha au nguvu kupambana na kero hii, na anatumia njia gani ya shida? Akiwa na jibu lenye sura ya mtu, tunaendelea. Akiniambia kila mtu anaumizwa na jambo hilo, namwomba arudi akatafute mtu mmoja.

Hata mambo makubwa tunayoyatumia kila siku yalipitia njia hii. Mwaka 2005, nchini Kenya, huduma tunayoijua leo kwa jina la M-Pesa ilijaribiwa kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ili walipe marejesho yao kwa simu. Ndilo lililokuwa wazo. Waliosimamia majaribio waligundua kwamba watu wanaitumia kwa jambo jingine, yaani kutumiana fedha wao kwa wao, na kwamba mambo ya marejesho yalikuwa magumu kuliko ilivyotarajiwa. Walikuwa na ujasiri wa kuyaamini macho yao kuliko andiko lao la mradi, na huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi mwaka 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikavuka mpaka ikaja kwetu. Nawaomba muone kilichotokea hapo: wateja walilinoa wazo kwa matendo yao, na wenye wazo wakakubali.

Nilipompata mtu mwenye hasara, nilidhani kazi imebaki moja, yaani kutafuta dagaa wasio na mchanga. Nikaenda Kirumba Mwaloni, soko ambalo dagaa wa visiwani na wa mialo yote ya jirani hukutana, na ambako magunia hupakiwa kwenda hadi Kongo. Nilipouliza walio safi nilionyeshwa magunia yaliyokuwa na nafuu, si yaliyokuwa safi. Ndipo nilipoamua kuufuata mchanga hadi unakoanzia.

Nililala Kayenze siku tatu. Wengi wenu mnaujua utaratibu wa dagaa, lakini kwa wanaotoka mbali na ziwa nitaueleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Mwanga unawakusanya, wavu unawainua. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa taa hauna nguvu tena dhidi ya mwanga wa mbingu, na mitumbwi hupumzika. Alfajiri mitumbwi inapofika, wanawake wanasubiri na ndoo, wananunua wabichi, na wanawamwaga juu ya mchanga ili jua liwakaushe. Jua likiwaka vizuri, jioni wamekauka. Huwazoa kwa ufagio na kwa mikono, na hapo ndipo mchanga unapopanda pamoja nao ukaingia guniani.

Dawa ya jambo hilo inajulikana. Wataalamu wa uvuvi wamekuwa wakihimiza vichanja kwa miaka mingi, yaani nguzo za miti zenye wavu uliotandazwa juu, ambapo hewa inapita chini na juu, dagaa wanakauka sawasawa, na hakuna mchanga wala kinyesi cha kuku. Pale Kayenze niliviona vichanja. Vingine vilikuwa vimevunjika, kingine kilikuwa kimeanikwa nguo. Kijana aliyetoka mjini na programu kwenye simu angeweza kusema upesi kwamba watu hawa wanahitaji elimu. Namshukuru Mungu kwamba sikusema, bali nilimuuliza mama mmoja mtu mzima, ambaye yuko ukumbini leo na ameniruhusu nimnukuu bila kumtaja jina, kwa nini kichanja chake hakitumiki. Alinijibu akiendelea kuzoa: "Mwanangu, mkinipa bei ya mchanga, nitaanika mchangani."

Sentensi hiyo ilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Kichanja kinataka miti, wavu mpya kila unapochanika, na nguvu za kuwapandisha dagaa na kuwageuza. Mnunuzi akija na mizani analipa bei moja kwa wa kichanja na wa chini, tena wa chini wana uzito wa ziada, kwa sababu mchanga nao unapimwa. Kwa hiyo anayefanya kazi safi anatumia zaidi na kupokea pungufu. Huyu mama hakuwa na upungufu wa elimu hata kidogo. Alikuwa amepiga hesabu sahihi. Kero yoyote ambayo imedumu miaka mingi ilhali dawa yake inajulikana, ina hesabu kama hiyo iliyojificha mahali fulani, na kazi ya kwanza ya anayetaka kuiondoa ni kuitafuta hesabu hiyo bila kumdharau mtu.

Mwingereza James Dyson alikerwa na mashine ya kufyonzea vumbi iliyokuwa ikipungua nguvu kadiri mfuko wake ulivyoziba. Mtu mwingine angetafuta mfuko bora na kuuuza. Yeye alihoji ulazima wa kuwa na mfuko, na alipoona katika kiwanda cha mbao jinsi hewa inayozungushwa kwa kasi inavyotenganisha unga wa mbao, akaanza kujaribu, akajenga mifano 5,127 kabla ya kuridhika. Wengi hunukuu idadi hiyo ili kusifia uvumilivu, na ni haki yake. Mimi navutiwa zaidi na kwamba aliiacha kero pale ilipomuuma akakifuata chanzo chake. Programu yangu ya simu ilikuwa mfuko bora.

Sasa ninaweza kuwaeleza wazo lilivyokuwa baada ya kunolewa, na mtaona jinsi lilivyopungua. Lilikuwa la jiji zima, likawa la wasagaji wanne wa unga wa lishe. Lilikuwa la dagaa aliyeosheka, likawa la dagaa ambaye hakugusa mchanga tangu mwanzo. Lilikuwa na programu, likabaki na daftari, mizani na simu ya kawaida ya kupigia. Kwa sentensi moja: tunawalipa waanikaji nyongeza ya bei kwa kila kilo iliyokaushwa kichanjani, na nyongeza hiyo inatoka katika fedha ambazo msagaji alikuwa akizipoteza kwa kuosha na kuanika upya. Hakuna anayefanya hisani hapo. Daftari la yule mama wa Igoma ndilo lililonionyesha nyongeza inaweza kufika wapi bila yeye kuumia.

Jaribio la kwanza lilikuwa gunia moja. Nilitengeneza kichanja kimoja kwa wavu chakavu wa kuazima, nikanunua wabichi kwa bei ya mwaloni siku hiyo, nikakaa nao mchana kutwa. Ni hapo nilipojifunza kwa mikono yangu jambo ambalo hesabu ya usiku ule wa kwanza haikulijua: dagaa mbichi ni maji kwa takribani robo tatu, hivyo kilo moja ya dagaa mkavu inataka kilo tatu na nusu au zaidi za mbichi, na ukikosea hapo faida yote inayeyuka juani. Nilijifunza pia kwamba siku za mbalamwezi mzigo unakatika ilhali msagaji anasaga kila siku, kwa hiyo biashara hii bila stoo kavu ni biashara ya nusu mwezi. Hakuna aliyenificha mambo haya. Mvuvi yeyote angeniambia, na mimi sikuwahi kuwauliza.

Hivyo nawashauri kwa msisitizo: fanyeni kwa mkono kabla ya kufanya kwa mashine. Mwenye wazo la kuunganisha mafundi na wateja, awaunganishe kumi kwa kupiga simu yeye mwenyewe. Mwenye wazo la kupeleka dawa, chakula au vifurushi Ukerewe, apande meli na vifurushi viwili mkononi, ashuke Nansio, aone vinapokelewaje. Gharama yake ni nauli na siku moja, na utarudi na maswali ambayo usingeyawaza ukiwa umekaa mbele ya kompyuta.

Mambo ya usajili nitayapita haraka, kwa kuwa maofisa wenyewe wapo na watayaeleza vizuri kunishinda. Jina la biashara ni BRELA, wakala wa usajili; namba ya mlipakodi ni TRA, mamlaka ya mapato; na kwa bidhaa ya chakula mlango ni TBS, shirika la viwango, ambako shughuli za usalama wa chakula zilihamishiwa mwaka 2019. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, ataongozwa. Ninalotaka kulitilia mkazo ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki yenu, iombeni. Lakini msiichukue wakati wazo bado lipo kwenye hatua ya ndiyo za majirani, maana fedha hukiongezea kasi kitu chochote kinachokwenda, hata kama kinakwenda kusiko, na kikundi kinabaki na marejesho pamoja na lawama. Kama ningekuwa na mkopo mwaka ule wa kwanza, ningenunua pikipiki tatu za kusambazia dagaa ambao hakuna aliyewaagiza.

Kijana mmoja aliniuliza nje, kabla hatujaingia, kama siogopi kuibiwa wazo kwa kulieleza hadharani namna hii. Ni swali la haki, nami nalijibu mbele yenu wote. Kichanja hakikuwa wazo langu. Kilikuwapo ufukweni kabla sijazaliwa kibiashara. Unga wa lishe haukuwa wazo langu. Kilichokosekana ni mtu wa kutembea kutoka daftari la Igoma hadi mchanga wa Kayenze na kurudi, mara nyingi, hadi bei ikakubalika pande zote mbili. Atakayetaka kuniiba lazima atembee njia hiyo hiyo, na akiitembea kwa uaminifu, mialo ya ziwa hili ni mingi, kuna watoto wengi wanaohitaji uji usiokwaruza, nami nitampokea kama mwenzangu.

Nirudi kwenye mabakuli. Moja lina dagaa wa kichanjani na jingine wa chini, na sijaandika chochote juu yake. Piteni mchukue kidogo kidogo kutoka kila bakuli, msugue viganjani karibu na dirisha kama alivyofanya yule mama, kisha mtafune taratibu.

Na kuna jambo moja ambalo sijalipatia ufumbuzi, na sitaki niwaondokee nikilificha. Masika yaliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo tukiwa na mzigo vichanjani, na tulipoteza karibu wote. Waliobaki waliuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nimefikiria paa la karatasi ya nailoni, nimefikiria jiko la kukaushia, na nimeanza tena kuona nembo na rangi usiku. Kwa hiyo nimejizuia. Kina mama wa Kayenze wamekaa mstari wa pili na watakuwa hapa hadi saa nane mchana. Vijana, nendeni mkae nao, muwaamkie, na muwaulize siku zile nne walifanya nini, saa kwa saa, na nani kati yao aliokoa hata debe moja, na aliliokoaje. Njooni na madaftari.